Dobi wa Kwenye Jalada

Nimekabidhi ufunguo wa studio, magoti yangu yamekataa ngazi, na vijana wanaopiga picha za pasipoti pale karibu na geti la Busia wameniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Nadhani wanachotaka ni vita. Mmoja aliniambia, "Mzee Wandera, andika vile ulikuwa unapita katikati ya risasi." Nitafika hapo. Nikifika mtaona kwamba sikupita katikati. Nilipita kando, na kwa mwendo ambao leo magoti yangu hayauamini.

Shule niliacha darasa la sita. Sikufukuzwa. Dawati langu lilikuwa karibu na dirisha, dirisha lilitazama barabara ya malori, na mimi nilitaka kujua yanakwenda wapi. Nimeuza maji ya kunywa kwenye foleni ya Malaba, nimebeba magunia ya dagaa, nimekuwa fundi baiskeli asiye na spana, na nimekuwa utingo wa malori ya aina nyingi. Kazi iliyonishika ni ya kamera, kwa sababu ndiyo pekee iliyoniruhusu kumkodolea mtu macho bila kuulizwa ninatazama nini.

Siku yangu ya kwanza studioni, Mzee Okumu, mwenye studio, hakunipa kamera. Alinipa kitana na kitambaa. Kazi yangu ilikuwa kuwachana wateja nywele na kuwafuta jasho kabla hawajasimama mbele ya lile pazia lililochorwa ndege na ngazi zake. Nilichana nywele za watu kwa miezi. Nilijifunza kwamba mtu anayevuka mpaka kila siku anataka picha inayofanana naye, na mtu atakayevuka mara moja tu anataka picha inayofanana na yule anayekwenda kuwa. Mkimjua mteja wenu ni yupi kati ya hao wawili, nusu ya kazi imekwisha.

Kitu kingine nilichokipata kwa Mzee Okumu ni kurudisha picha. Mteja asipoifuata, alinituma nimpelekee hadi kwake, hata kama ni Busitema au ng'ambo ya Tororo. Nilinung'unika njia nzima. Lakini nilipoanza kupanda malori kwenda kaskazini, Sudan Kusini na pande zile zenye mapigano, tabia hiyo ndiyo iliyoniweka hai. Kwenye kila kizuizi kuna askari anayetaka kupigwa picha. Wapiga picha wengine walimpiga wakapotea. Mimi nilirudi na bahasha zenye picha zao. Safari ya pili, badala ya kuuliza, "Unabeba nini?" waliuliza, "Yangu imetoka?" Mmoja alinizuia kutwa nzima kwa sababu alionekana amefumba macho. Ilibidi nimpige upya, na safari hii akasahau kupumua.

Nilibaki na kamera ya filamu wakati wenzangu wote wameshahamia dijitali. Huko nilikokwenda umeme ulikuwa habari ya kusimuliwa, na filamu haihitaji kuchajiwa. Filamu zangu nilizifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikazizika ndani ya kopo la unga wa muhogo. Hakuna mpekuzi anayetaka kutia mkono safi ndani ya unga wa mwenzake.

Picha nyingine niliwauzia watu wa magazeti, nao walichukua zile za moto na bunduki. Zilizobaki zilikwenda Tororo kwa Madam Nyafwono.

Madam Nyafwono ni mwandishi wa riwaya za kusisimua, zile zenye jasusi katika sura ya kwanza na maiti katika ya pili. Kabla ya hapo alikuwa mpiga taipu katika ofisi ya mawakala wa forodha Malaba, ambako kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya madereva kuhusu mizigo iliyopotea. Dereva akisema sukari ilinyeshewa, yeye ndiye aliyeandika ile mvua. Hajawahi kwenda mbali kupita Mbale. Vita vyote vilivyomo katika vitabu vyake alivitazama kwenye kamba ya nguo aliyoifunga sebuleni, chini ya mwamba wa Tororo, akining'iniza picha zangu kwa vibanio.

Mara ya kwanza nilimpelekea picha zangu kali, nyumba zinazowaka, vifaru, moshi. Alizipitia kama anayechambua mchele, akazitupa kwenye kochi. Kisha akaweka kidole pembeni kabisa mwa moja, upande wa kushoto.

"Huyu mama anabeba godoro," alisema. "Anapeleka wapi?"

Nikasema sijui.

"Kwa nini hukuuliza?"

"Madam, kulikuwa na milio."

"Milio inakuzuia kusikia. Haikuzuii kuuliza."

Ndivyo alivyonifundisha kazi mtu ambaye hajawahi kushika kamera. Katikati ya picha, aliniambia, kuna kitu ambacho kila mtu amekiona. Hadithi iko ukingoni, kwa yule ambaye hajui kwamba anapigwa. Nikaanza kusimama katika miji inayofuka moshi nikiwauliza watu habari za magodoro. Yule mama nilimpata safari iliyofuata. Godoro lilikuwa jipya, na aliona heri afe nalo kuliko jirani yake alilalie. Nilimpelekea Madam habari hiyo nikijivuna. Akasema ni nzuri, lakini haifiki ukurasa wa mia mbili, na kitabuni akatia redio ya majasusi ndani ya godoro.

Alikuwa na sharti moja, nisimwambie jina la mtu yeyote aliye kwenye picha. Alisema akijua jina ataanza kumhurumia, na mwandishi wa riwaya za aina yake akianza huruma, hakuna atakayekufa.

Sharti hilo ndilo lililotuletea balaa.

Katika mji mmoja wa Sudan Kusini nilimkuta dobi akipiga pasi kando ya ukuta uliotobolewa na risasi. Alikuwa na pasi ya mkaa, meza iliyotandikwa blanketi, na uso mkavu usiocheka wala kukasirika, kama mtu anayehesabu. Nilimwomba ruhusa kwa Kiarabu cha Juba, changu kibovu. Akanijibu kwa chake, kibovu zaidi. Tulihangaika hivyo kwa muda mrefu, kila mmoja akimwona mwenzake mwenyeji asiyejua lugha yake mwenyewe. Nikapiga. Mara milio ikaanza nyuma ya ukuta, naye dobi akamwita mama yake kwa Kisamia, lugha ya kwetu.

Alikuwa Ouma, mtu wa Busia, nyumbani kwao ukitembea kutoka kwetu unafika chai haijapoa.

Tulitoka pale wazima. Fremu iliyofuata kwenye filamu ile inamwonyesha Ouma akikimbia. Ilitoka imetikisika, kwa hiyo niliiweka katika kopo la picha zilizoharibika na sikumpelekea Madam. Mimi nilirudi Busia na kiatu kimoja, jambo nililolieleza nyumbani kwa namna nyingine.

Ile picha ya kwanza, ya ule uso mkavu, Madam aliitazama kwenye kamba wiki nzima. Hakuniuliza chochote, na hiyo ilipaswa kunitisha. Akamfanya Kapteni Makaa, mtu anayewapigia pasi askari wa pande zote mbili, anasoma barua zilizosahauliwa mifukoni, anauza siri, na katika sura ya tisa anamuua daktari kwa pasi ya moto. Mwishoni anavuka mpaka na pasi yake mkobani, hajulikani aliko. Madam alimwacha hai kwa ajili ya kitabu cha pili. Mchapaji akaitaka picha kwa jalada, nami nikakubali, nikijiambia Ouma yuko mbali na huko aliko hakuna duka la vitabu.

Kitabu kikauzwa Busia pande zote mbili za mpaka, mezani pamoja na makava ya simu na miwani ya jua. Halafu Ouma akarudi nyumbani kufungua udobi.

Mwanzoni alifurahi. Wateja walifuatana kumwona Kapteni Makaa. Watoto walimchungulia. Mtu aliyekuta kola yake imeungua alisema haidhuru, akaondoka kinyumenyume. Ouma alikuja studioni kunishukuru, akaomba nimpige nyingine akiwa ameshika pasi juu.

Kisha akampenda Akisa, binti wa wakulima wa karibu na Busitema, anayeuza vitambaa upande wa Uganda. Mambo yakaenda vizuri hadi ilipopangwa siku ya Ouma kwenda kujitambulisha kwao. Hapo shangazi yake Akisa, mama mmoja aitwaye Amongin, akatuma neno. Kitabu amekisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya hadithi na mara ya pili kwa ajili ya ushahidi. Wageni wanaweza kuja. Ila waje na aliyeandika na aliyepiga picha, la sivyo chakula hakitapikwa.

Ouma alinijia bila ile furaha ya ukapteni. Nikamwambia tulia, ninayo picha nyingine. Nikafungua kopo, nikamwonyesha anavyokimbia, mdomo wazi, macho yamemtoka kama ya mbuzi mtoni. Hakuna mtu duniani angemwona huyu akadhani ni muuaji.

Akaigeuza kifudifudi. "Hiyo usiilete."

"Kwa nini?"

"Akisa nilimwambia kwamba milio ilipoanza, niliendelea kupiga pasi."

Basi mnaona alipokwama. Akinyamaza anabaki muuaji na anamkosa Akisa. Akijitetea anakuwa mwoga mbele ya ukoo mzima, na labda anamkosa vilevile. Nikaitia picha ndani ya koti hata hivyo, nikamwambia itakaa humo mpaka yeye aseme.

Madam Nyafwono alikuja kutoka Tororo kwa bodaboda, mkoba kifuani, amekunja uso. Njiani aliniambia anaona aibu. Nikadhani ni kwa kumchafulia mtu jina. Kumbe alikuwa amekumbuka kosa katika sura ya nne na aliogopa shangazi ataliona.

Kule Busitema tuliketishwa kwenye viti vya plastiki, wenyeji upande mmoja na sisi upande wa pili. Baba mdogo wa Ouma akasimama kutusemea, kama desturi inavyotaka. Akasema tumeona ua zuri katika boma hili na tumekuja kuliulizia. Shangazi Amongin akamwacha amalize, kisha akatoa kitabu chini ya leso yake.

"Hii mtu," akasema, akigonga jalada, "ni nani?"

Baba mdogo akajibu kwamba ni kijana wetu, ila hiyo ni hadithi tu.

"Hadithi nimesoma. Ukurasa wa mwisho unasema alivuka mpaka. Na huyu wenu ametoka wapi?"

"Ametoka Sudan Kusini."

"Kwa hiyo amevuka mpaka."

Baba mdogo akakubali kwamba amevuka.

"Na pasi yake?"

Baba mdogo akakubali kwamba anayo. Akaketi. Msemaji wetu alikuwa amekwisha na jua bado lilikuwa utosini.

Madam akainuka. Akaeleza kwa upole kwamba yeye ndiye aliyebuni kila kitu, hakumjua huyu kijana, aliona uso tu. Shangazi akasikiliza akitikisa kichwa, kisha akasema maneno ambayo nadhani Madam bado anayatafuna.

"Wewe unaona mtu mara moja tu kwa picha, na unaandika karatasi zote hizi. Kama hakuna kitu ndani ya huyo mtu, hayo yote ulitoa wapi?"

Madam, ambaye ameua majasusi wasiohesabika, akafungua mkoba wake, akaufunga. Upande wa wenyeji wazee wakaanza kuangalia ng'ombe wao, kama watu ambao shauri kwao limekwisha. Akisa alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono imefungwa kifuani. Hakumtazama shangazi. Alikuwa akimtazama Ouma, na Ouma alikuwa akitazama viatu vyake.

"Wandera," akasema bila kuinua kichwa. "Ile nyingine. Itoe."

Nikaitoa. Ikapita mkono kwa mkono upande ule mwingine, na jinsi ilivyopita ndivyo kicheko kilivyokwenda nayo, kwanza wazee, kisha wamama, mpaka ikafika kwa shangazi. Alivaa miwani. Hakucheka. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Hii kwa mkono ni nini?"

"Shati," Ouma akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua.

Ni kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeitazama picha ile nisilione. Mtu roho imemruka, pasi ameitupa, meza imepinduka nyuma yake, na kwenye mkono wake wa kushoto limelala shati jeupe, limekunjwa, halina hata kijikunyanzi.

"Lako?"

"La mteja."

Akisa akaja kutoka mlangoni, akaichukua picha kwa shangazi yake. "Ulilipeleka wapi?"

"Nililala nalo kichakani. Asubuhi nikampelekea."

"Akasemaje?"

"Akasema kola haijanyooka vizuri."

Hapo Akisa akacheka, naye shangazi akashindwa kujizuia, na wazee wakaacha kuangalia ng'ombe. Shangazi akasema huyu hawezi kumuua daktari. Huyu hata kuku wa wageni atamwita jirani amchinjie. Lakini nguo zetu, akasema, zitakuwa salama.

Nilikuwa nimeanza kupumua aliponigeukia mimi.

"Na wewe wa kamera. Huyu anakimbia kuja kwako. Wewe ulikuwa wapi?"

"Mbele, Shangazi."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yake."

"Unafanya nini huko mbele?"

"Kazi," nikasema.

"Alikuwa anakimbia," Ouma akasema. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumwona amenyooka kitini. "Kamera ameigeuza nyuma juu ya bega. Mimi nilimfuata kwa sababu alionekana anaijua njia."

Basi, vijana, hayo ndiyo mambo ya kupita katikati ya risasi. Sifa niliyokuwa nimeijenga Busia kwa miaka iliishia pale kwenye viti vya plastiki, nami nilicheka kama wengine kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kukaa. Nitawapa fundisho moja la ufundi. Ukipiga nyuma juu ya bega, shusha kiwiko, la sivyo utapata mawingu matupu.

Yaliyobaki yalikuwa maafikiano ya kawaida ya siku kama hiyo, ila na nyongeza moja. Shangazi alitaka Kapteni Makaa asafishwe katika kitabu cha pili. Madam akasema haiwezekani, maana daktari ameshauawa na lazima awepo aliyemuua. Shangazi akasema ni yule muuguzi, yeye alimshuku tangu mwanzo, mbona alikuwa na ufunguo wa stoo? Madam akatoa kalamu. Kisha akavuta kiti chake hadi upande wa wenyeji, jambo lisiloruhusiwa kabla ya chakula, wakainamiana mpaka sahani zikaletwa. Sikusikia walichopanga, lakini muuguzi alikwisha.

Ouma na Akisa walioana. Udobi wao uko upande wa Uganda, si mbali na geti, na ile picha iliyotikisika wameitundika ukutani juu ya meza ya pasi. Wateja wakiuliza, Akisa ndiye anayesimulia. Ouma anaendelea kupiga pasi, na kila hadithi ikisimuliwa, zile mbio zinarefuka kidogo.

Madam aliniomba nakala yake, akaitundika kwenye kamba sebuleni. Nilipokwenda kumuaga kwamba nimestaafu, nilimkuta amesimama mbele yake na kidole kiko mahali pake pa siku zote, ukingoni, kushoto, chini kabisa, ambapo kuna kitu cheusi kimelala barabarani.

"Hii ni nini?"

"Kiatu changu," nikasema. Baada ya Busitema sikuwa na sababu ya kuficha.

Riwaya yake mpya inaanza na kiatu hicho. Mwenye kiatu anauawa ukurasa wa tatu. Nilimwuliza kwa nini mapema hivyo, mimi niliyemletea picha maisha yangu yote, hata sura moja nzima nisifikishe.

"Wewe ulikwenda mbele, Wandera," akasema. "Hadithi ilibaki nyuma na kiatu."